Wiki Moja Luxembourg: Mwongozo wa Kuzunguka Kanda Zake Tano Bila Nauli

Wageni wengi wanaofika Luxembourg hukaa saa chache mjini, wakapiga picha darajani, kisha wakapanda treni ya kwenda Paris au Brussels wakiamini nchi wameimaliza kwa kuwa ni ndogo. Ndogo ni kweli. Ina kilomita za mraba 2,586, karibu sawa na Unguja na Pemba ukiziunganisha, na kutoka kaskazini hadi kusini ni kilomita 82 tu. Lakini ndani ya eneo hilo kuna kanda tano zisizofanana hata kidogo: mji wa ngome juu ya majabali, kusini kwenye udongo mwekundu wa chuma, mashariki kwenye makorongo ya Mullerthal, kaskazini kwenye milima ya Éislek, na bonde la mto Moselle lenye mizabibu.

Kinachozitenganisha ni mwamba ulio chini ya miguu yako. Kila unapobadilika mwamba hubadilika pia kilimo, nyumba, kazi za watu na hata historia yao. Ndiyo maana nakushauri uizunguke nchi hii kwa kufuata mwamba, kanda baada ya kanda, na uipe wiki nzima.

Hatua ya 1: Pangilia siku za wiki kabla ya kulipia chumba

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa. Hoteli za jijini hujaa maafisa wa Umoja wa Ulaya na watu wa mabenki tangu Jumatatu hadi Alhamisi, na bei hupanda. Mwishoni mwa wiki wakiondoka, vyumba vilevile hushuka bei. Kwa hiyo fika Ijumaa, lala jijini usiku tatu, kisha Jumatatu asubuhi hamia mashambani wakati wenye mikoba wanaporudi.

Kuna sababu nyingine mbili za mpangilio huu. Treni ya moshi ya kule kusini huendeshwa Jumapili na sikukuu, katika miezi ya joto. Na maonyesho ya picha ya Clervaux, mji wa kaskazini, ambayo hupaswi kuyakosa, hufunguliwa Jumatano hadi Jumapili, tena kuanzia saa sita mchana, na Januari na Februari hufungwa kabisa. Makorongo ya Mullerthal hayana mlango wala siku ya mapumziko, basi hayo tunayapa Jumatatu na Jumanne.

Ratiba inakuwa hivi: Jumamosi jijini, Jumapili Minett (ile kanda ya chuma ya kusini), Jumatatu na Jumanne Mullerthal, Jumatano na Alhamisi Éislek, Ijumaa Moselle. Miezi mizuri ni Mei hadi mwanzoni mwa Oktoba. Ukitaka malazi nafuu, tafuta hosteli za vijana. Zimetawanyika nchi nzima, zinapokea watu wa umri wowote, zina vyumba vya familia, na ni safi. Ile ya jijini iko bondeni chini ya ngome, ya Echternach iko kando ya ziwa, na ya Remerschen ni jirani na kijiji cha Schengen.

Hatua ya 2: Viza na karatasi

Anayeishi Ulaya kwa kibali cha nchi yoyote ya Schengen, yaani nchi zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, aruke sehemu hii. Wengine, iwe uko Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Muscat, unaombea mahali unapoishi kihalali. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa nchi utakayoingilia kwanza. Luxembourg haina ofisi katika kila mji mkuu. Pale isipokuwepo huwakilishwa na nchi nyingine ya Schengen, kwa hiyo anza kwa kuuliza ni nani anayepokea maombi yake mahali ulipo.

Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Ombi halipokelewi kabla ya miezi sita kuelekea safari, wala zikibaki chini ya siku 15, na mimi ningeliwasilisha mapema sana ndani ya muda huo. Viza hukuruhusu kukaa hadi siku 90 katika kila siku 180. Tangu Oktoba 2025 umeanza pia mfumo mpya mipakani wa kuchukua alama za vidole na picha ya uso, basi ukibadilisha ndege Amsterdam, Brussels au Paris jiachie muda wa kutosha wa foleni.

Ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki haipo. Wengi hupitia Amsterdam au Istanbul hadi Findel, uwanja wa ndege wa Luxembourg. Anayeshukia Brussels anaweza kumalizia kwa treni, mwendo wa zaidi ya saa tatu.

Hatua ya 3: Jifunze kupanda bila tiketi

Tangu tarehe 29 Februari 2020, mabasi, tramu na treni zote za umma ndani ya Luxembourg ni bure kwa kila mtu, mwenyeji na mgeni. Hakuna kadi ya kugusisha wala fomu ya kujaza. Unapanda, unakaa, unashuka. Siku ya kwanza utajikuta unatafuta mashine ya tiketi kwa mazoea.

Yapo mambo matatu ya kushika. Daraja la kwanza la treni bado linalipiwa, kwa hiyo angalia namba 2 ubavuni mwa behewa. Ukivuka mpaka, kipande cha nje ya nchi unakilipia. Na Jumapili mabasi ya vijijini hupungua sana, basi usiondoke kijijini kwa matembezi kabla ya kujua basi la mwisho la kurudi. Pakua programu ya Mobilitéit.lu, andika unakotoka na unakokwenda, itakupa namba ya basi na dakika yake. Nimeacha makusudi kukutajia namba za mabasi, maana hubadilika. Reli ya kaskazini nayo hufungwa vipande vipande kwa matengenezo wakati wa likizo, na mabasi ya badala huwekwa, programu itakuonyesha.

Lugha isikutishe. Kilusemburgi, Kifaransa na Kijerumani zote ni za serikali, na karibu nusu ya wakazi ni raia wa nchi nyingine, kundi kubwa zaidi likiwa Wareno. Mtu wa Bujumbura, Kigali au Bukavu mwenye Kifaransa chake atajiona yuko nyumbani madukani. Sema «Moien» ukiingia popote, nao watakuitikia.

Hatua ya 4: Jumamosi jijini, juu na chini ya jabali

Kutoka Findel, tramu hukufikisha katikati ya mji. Njia hiyo ilifunguliwa Machi 2025. Asubuhi anzia kwenye jabali la Bock. Hapa mwaka 963 kabaila Siegfried alipata ngome ndogo, na mji ukakua kuizunguka. Jiwe hili ni la mchanga ulioganda, gumu la kutosha kubeba kuta na laini la kutosha kuchongwa. Kuanzia mwaka 1644 Wahispania, na baada yao wengine walioutawala mji, walitoboa mahandaki ndani yake hadi yakafika kilomita 23. Mkataba wa London wa 1867 uliamuru ngome ibomolewe, lakini ukibomoa mahandaki yote unauangusha mji wenyewe, kwa hiyo kilomita 17 bado zipo. Katika Vita vya Pili vya Dunia yaliweza kuwahifadhi watu 35,000 dhidi ya mabomu. Ingia humo ndani kama yamefunguliwa, maana majira ya baridi hufungwa.

Ukitoka, fuata njia ya Corniche juu ya kingo za ngome, huku bonde la mto Alzette likiwa upande wako wa chini. Shuka kwa lifti iliyochimbwa ndani ya mwamba hadi kitongoji cha Grund, tembea kando ya mto kupita abasia (makao ya watawa) ya Neumünster hadi Pfaffenthal, kisha panda tena juu kwa lifti ya kioo. Zote mbili ni bure. Matembezi haya ya mviringo yanatosha kukuonyesha jinsi mji ulivyo wa ghorofa mbili, na kwa nini mwaka 1994 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mchana, panda kutoka kituo cha Pfaffenthal kwa kigari cha kamba hadi uwanda wa Kirchberg, zilipo taasisi za Ulaya na jumba la sanaa la Mudam.

Kuhusu chakula: kitoweo cha taifa ni Judd mat Gaardebounen, yaani nguruwe wa moshi na maharagwe mapana. Asiyekula nguruwe atafute Gromperekichelcher, chapati ndogo za viazi vilivyokunwa na vitunguu na kukaangwa kwenye mafuta, ambazo huuzwa vibandani wakati wa maonyesho na masoko ya Desemba. Kwenye supu uliza kwanza, kwa sababu nyama hiyo huwekwa hata katika supu ya maharagwe.

Hatua ya 5: Jumapili Minett, nchi ya chuma

Wageni wengi huiruka kanda hii kwa kuwa vipeperushi huanza na makasri. Mimi naiweka mapema kwa sababu utajiri unaouona jijini mzizi wake uko hapa. Kabla ya chuma, Luxembourg ilikuwa nchi ya wakulima maskini, na watu wake walihamia Amerika kwa makundi.

Chuma chenyewe kilijulikana tangu zamani, lakini kilikuwa na fosforasi nyingi iliyofanya chuma cha pua kivunjike. Mwaka 1879 mbinu ya Waingereza Thomas na Gilchrist ya kuitoa fosforasi hiyo ilianza kutumika, na ghafla mawe mekundu ya kusini yakawa mali. Vijiji vikageuka miji, wakaja wafanyakazi kutoka Italia, kisha Ureno, na Waafrika wa Cape Verde. Hata makapi hayakutupwa. Takataka ya matanuri, iliyojaa fosforasi, ilisagwa ikawa mbolea, na ikabadilisha mashamba duni ya kaskazini. Kumbuka hilo utakapofika Éislek.

Panda treni hadi kituo cha Belval-Université, chini ya nusu saa kutoka jijini. Ukitoka tu kituoni, matanuri mawili makubwa yaliyostaafu yamesimama juu yako. Tanuri la mwisho lilizimwa mwaka 1997. Moja linapandika kwa ngazi, na huko juu utaelewa jinsi mawe, makaa na hewa moto vilivyokutana. Kuzunguka matanuri sasa kuna Chuo Kikuu cha Luxembourg, kilichoanzishwa 2003, na maktaba yake imo ndani ya jengo lililokuwa ghala la mawe ya chuma. Wanafunzi wanasoma palipokuwa na vumbi jekundu. Napapenda sana mahali hapa, kwa kuwa hawakubomoa kazi ya babu zao wala hawakuiacha ioze.

Mchana elekea Pétange. Kutoka hapo, Jumapili za Mei hadi Septemba, treni ya moshi iitwayo Train 1900 hupanda hadi bonde la Fond-de-Gras, lenye stesheni, karakana na duka la zamani. Mwenye kupenda kwenda chini ya ardhi achague badala yake jumba la makumbusho la migodi la Rumelange, ambako kigari kinakuingiza mlimani. Beba sweta hata kama ni Agosti. Mgodi wa mwisho nchini ulifungwa 1981, na machimbo ya wazi yameota miti, maua na vipepeo kiasi kwamba mwaka 2020 UNESCO iliitangaza Minett kuwa hifadhi ya biosfia, yaani ya mazingira ya viumbe hai. Njia ya miguu ya Minett Trail, kilomita 90, hupita katikati yake juu ya udongo mwekundu. Ukivaa viatu vyeupe utajuta.

Hatua ya 6: Jumatatu na Jumanne, Mullerthal

Hamia Echternach kwa basi, karibu saa moja. Huu ndio mji mkongwe kuliko yote nchini. Abasia yake ilianzishwa mwaka 698 na Mtakatifu Willibrord, mmisionari aliyetoka Northumbria, kaskazini mwa Uingereza, na kaburi lake liko chini ya basilika. Kila mwaka, Jumanne inayofuata sikukuu ya Pentekoste, maelfu ya watu huenda kaburini kwake wakirukaruka kwa safu, wameshikana kwa vitambaa vyeupe, bendi zikipiga wimbo uleule asubuhi nzima. Ibada hiyo iliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2010. Safari yako ikiangukia wiki hiyo, weka chumba miezi mingi kabla.

Jumatatu mchana zungukia mji na ziwa. Jumanne ni ya miamba, na hapa nakuomba usiharakishe.

Ule mchanga ulioganda uliouona jijini ndio huuhuu, uliotandazwa na bahari takriban miaka milioni 200 iliyopita. Tofauti ni kwamba hapa mito imekata hadi kwenye udongo wa mfinyanzi ulio chini yake. Maji huingia nyufani, mfinyanzi hulowa na kuteleza, na vipande vya jabali vikubwa kama nyumba hujitenga polepole na kuinamia bondeni. Ndivyo yalivyotokea makorongo membamba ambayo mtu mnene atapita kwa ubavu, yenye kuvu na majani ya kijani kila upande na baridi hata mchana wa Julai.

Panda basi hadi Berdorf, kilicho juu uwandani, kisha teremka kwa miguu kurudi Echternach. Kwa njia hiyo basi ndilo linalokupandishia mlima mkubwa. Kwanza nenda pango la Hohllay, ambamo watu walichonga mawe ya kusagia. Alama za mviringo bado ziko ukutani na darini, unaweza kuweka kiganja chako ndani yake. Rudi, fuata bonde la Aesbach hadi jabali la Perekop, ambalo hupandwa kwa ngazi zilizo ndani ya ufa wake, kisha Labyrinth, na mwisho Wolfsschlucht, korongo la giza linalokutoa karibu na mji. Ni kazi ya nusu siku kwa mtu wa kawaida. Vaa viatu vyenye meno, kwani majani yaliyolowa juu ya jiwe hili huteleza vibaya, na beba tochi ya kichwani na maji. Hakuna duka njiani.

Wenye nguvu wana Mullerthal Trail, kilomita 112 katika mizunguko mitatu, yenye alama ya herufi M kwenye miti. Wenye watoto wadogo au magoti mabovu wachukue basi hadi kijiji cha Müllerthal na watembee kidogo tu hadi Schiessentümpel, daraja la mawe lenye maporomoko matatu madogo chini yake.

Hatua ya 7: Jumatano na Alhamisi, Éislek

Kaskazini jiwe hubadilika kuwa jeusi, la kupasuka vipande bapa, na ndilo lililoezekea mapaa ya kanda hii. Udongo ni mwembamba, mabonde ni marefu, vijiji viko mbalimbali. Hapa ndipo ile mbolea ya matanuri ilipookoa mashamba. Kitovu cha usafiri ni Ettelbruck, na ningelala hapo au jirani yake Diekirch, kwa sababu mabasi ya kila upande huanzia hapo.

Jumatano nenda Clervaux kwa treni. Ngome yake iliungua Desemba 1944 katika mapigano ya Ardennes, ikajengwa upya, na tangu 1994 inahifadhi maonyesho ya «The Family of Man»: picha 503 kutoka nchi 68, zilizokusanywa na Edward Steichen kwa ajili ya jumba la sanaa la New York mwaka 1955. Steichen alizaliwa Luxembourg na kuondoka akiwa mtoto, na alitamani kazi yake ikae katika nchi alikozaliwa. Picha zimepangwa kwa mambo ya mwanadamu, kuzaliwa, kazi, mapenzi, njaa, msiba, na Afrika imo. Jipe saa mbili, usipite tu.

Alhamisi ni ya Vianden, juu ya mto Our mpakani na Ujerumani. Ngome unayoiona imekamilika, lakini mwaka 1820 iliuzwa kwa mfanyabiashara aliyeiuza tena vipande vipande, paa na vyote, ikabaki gofu. Ukarabati mkubwa ulianza baada ya mwaka 1977, familia ya kifalme ilipoikabidhi kwa serikali. Panda kwa viti vya waya vinavyoning'inia juu ya mto, pekee vya aina yake nchini, kisha teremka kwa miguu kupitia ngome. Mwandishi Mfaransa Victor Hugo aliishi hapa mwaka 1871 akiwa uhamishoni, na nyumba yake karibu na daraja ni makumbusho.

Jua likiwa kali, badilisha Vianden na ziwa la Upper Sûre, ambako kuogelea ni bure kwenye fukwe za Lultzhausen na Insenborn. Maji hayo ndiyo yanayonywewa na sehemu kubwa ya nchi, kwa hiyo ogelea pale tu paliporuhusiwa.

Hatua ya 8: Ijumaa, kushuka na Moselle

Anzia kusini kabisa, Schengen. Tarehe 14 Juni 1985 Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Luxembourg na Uholanzi zilitia saini makubaliano ya kuondoa ukaguzi mipakani, juu ya meli Princesse Marie-Astrid iliyotia nanga hapa. Walichagua mahali hapa kwa kuwa Luxembourg, Ujerumani na Ufaransa hukutana hapo mtoni. Meli hiyo ilirudishwa kijijini mwaka 2025 na iko gatini, karibu na makumbusho.

Kutoka hapo fuata mto kwa basi kuelekea kaskazini: Remich, Ehnen, Wormeldange, Grevenmacher. Chukua kiti cha upande wa kushoto, utazame mizabibu ikipanda kilimani. Kuanzia Remich udongo ni mzito wa mfinyanzi na vilima ni vya mviringo. Ukifika Wormeldange mawe ya chokaa yanajitokeza na miteremko inakuwa mikali. Wakulima watakuambia kwamba divai hubadilika vivyo hivyo. Asiyekunywa pombe aulize juisi ya zabibu ya shambani, hasa Septemba na Oktoba wakati wa mavuno.

Safari inaishia Wasserbillig, mto Sauer unapoingia Moselle, mahali pa chini kuliko pote nchini. Kivuko kidogo hukuvusha hadi Oberbillig, Ujerumani, kwa nauli ndogo. Treni ya kurudi jijini ni bure. Ukitaka kuendelea hadi Trier kuona lango la Warumi, ni kama robo saa kwa treni, lakini nunua tiketi ya kuvuka mpaka kabla ya kupanda, na uwe na pasipoti mkononi: tangu Septemba 2024 polisi wa Ujerumani wamerejesha ukaguzi mpakani, na picha ya pasipoti kwenye simu haitoshi.